Nani Aliwapa Mlango wa Nyuma?

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta macho yamepona na ile miwani mipya imeanza kukuzoea, maana mama anasema wewe huzoei kitu, kitu ndicho kinachokuzoea. Sisi huku hatujambo. Goti la mama bado linalalamika asubuhi, lakini akishakaa kwenye cherehani husahau kama ana goti. Mwezi uliopita alishona mapazia ya mteja mmoja mkubwa, peke yake, na hakuna hata moja lililorudishwa. Anakusalimu sana.

Sasa kaa vizuri. Nimepata kazi. Kuna kituo kipya cha televisheni hapa mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kinaonekana hapa hapa tu. Ukivuka daraja picha inageuka chenga. Kazi yangu ni kufungua barua za watazamaji, kupanga kanda kabatini na kuandika ratiba ya siku. Siku ya usaili tulikuwa watu arobaini, wengine kwenye benchi, wengine sakafuni. Wenzangu walikuwa wakikaa ndani nusu saa. Mimi niliulizwa maswali mawili, Mkurugenzi akafunga faili: "Utaanza Jumatatu." Miaka mitatu ya kubisha hodi, halafu dakika kumi. Mama alipopata habari alilia.

Jina la kituo nimelificha makusudi hadi hapa. Kinaitwa Mlango wa Nyuma. Ndiyo, mjomba, kichekesho chenu kile cha kila Alhamisi, wapangaji wanatoka kwa mlango wa nyuma kumkwepa mama mwenye nyumba, nawe Komeo mlinzi unajifanya umelala. Hata ukutani wamechora mlango wa kijani. Watu mjini wameshaanza utani wao: kituo chenye jina hilo leseni kilipataje?

Sijamwambia mtu kazini kwamba wewe ni mjomba wangu. Nataka wanijue kwa kazi yangu. Lakini niambie, ulijua? Mbona hukutudokeza?

Mpwa wako,
Kasuku

24 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nilisomewa mara mbili, na mara ya tatu nikajisomea mwenyewe, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Macho yanaendelea. Zile wiki tatu za Januari, tangu tarehe mbili hadi ishirini na tatu, daktari aliponifunga bandeji macho yote mawili, Mama Kodi ndiye aliyekuwa macho yangu. Unamkumbuka, yule aliyeigiza mama mwenye nyumba. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Mpaka leo, kila siku saa kumi, anakuja na gazeti, ananisomea kuanzia vifo hadi mpira, na akifika kwenye siasa anabadilisha sauti. Mtu akipita nje anadhani tuna wageni.

Hongera kwa kazi. Nimefurahi, usione nitakayoyasema sasa ukadhani sikufurahi.

Hapana, sikujua. Hakuna aliyeniuliza. Na jina lile halikuokotwa barabarani. Mtunzi wetu, Mungu amrehemu, kabla hajafa alituita mimi na Mama Kodi, akatupa karatasi ya mkono wake: jina asipewe mtu mpaka sisi wawili tukubali pamoja. Sisi wawili, si mmoja. Mama Kodi, ndiye aliyenisomea, alipofika kwenye jina la kituo chenu aliikunja barua, akasema, "Mwizi hapigi hodi, lakini lazima kuna aliyemfungulia."

Nisikilize vizuri. Usimuulize mtu. Uliza kwa macho. Wewe ndiye unayepanga makabati, makabati yana mafaili. Mtu anayeajiri kwa dakika kumi ama ana haraka ama ana sababu.

Msalimie dada yangu. Mwambie goti halishonwi, lipumzishwe.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima. Mama amepunguza kazi kidogo. Nilipomgusia habari ya jina la kituo alisema uzi umemwishia, akatoka kwenda dukani, na mimi niliuona uzi umejaa kwenye kopo.

Nilifanya ulivyosema. Nimeuliza kwa macho, na macho yamenijibu nisiyoyataka.

Kwenye faili la leseni kuna karatasi moja ya chapa, yenye mlango wa kijani juu kama karatasi zetu zote. Inasema kwamba wewe, kwa niaba yako na ya wenzako wote waliobaki, umekiruhusu kituo kutumia jina la Mlango wa Nyuma. Tarehe kumi na mbili Novemba mwaka jana. Chini kuna sahihi yako. Mjomba, sahihi yako naijua. Ile yenye mkia unaorudi nyuma na kujifunga kama kamba. Iko kwenye barua zote ulizotuandikia tangu nijue kusoma.

Nimetoa fotokopi mbili, moja yako hii hapa.

Sasa naomba uniambie mimi ni nani katika jambo hili. Kama uliwapa jina, uliwapa, ni lako. Lakini kwa nini unitume nikapekue kabati la mwajiri wangu kutafuta mkono wako mwenyewe? Ulitaka kujua kama karatasi inaonekana? Nimewaza mengi na mengine si mazuri.

Nasubiri.

Kasuku

6 Mei

Kasuku,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tano. Mvua imenyesha, paa limevuja pale pale linapovujaga, nimeweka ndoo.

Nimeitazama karatasi. Sahihi ni yangu. Alikuja mtu mwaka jana, nikaweka sahihi, nikasahau. Uzee una mambo yake. Nisamehe kwa kukusumbua.

Fanya kazi yako vizuri. Usifungue tena faili lile. Na tafadhali, mama yako usimsumbue na habari hizi, ana goti lake.

Mama Kodi siku hizi haji, miguu inamuuma. Gazeti najisomea vichwa vya habari tu.

Mjomba wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, nami mzima, na salamu ziishie hapo.

Wewe ulisahau? Wewe ambaye kwenye msiba wa babu uliwasomea watu mistari yenu ya miaka ishirini iliyopita, na ya wenzako ukawasomea? Mjomba, danganya mwingine.

Nilifungua faili tena. Karatasi zetu zenye mlango wa kijani zilitoka kwa mchapaji tarehe nne Januari. Hati ya kuzipokea ipo faili lile lile. Basi mtu ataandikaje mwezi wa Novemba kwenye karatasi iliyozaliwa Januari? Na leseni imetolewa tarehe kumi na tisa Januari, karatasi hii ikiwa ndani ya maombi. Kwa hiyo sahihi iliwekwa kati ya siku hizo mbili. Siku hizo zote wewe ulikuwa umefungwa macho, umeniandikia mwenyewe. Hukuiweka wewe. Na unasema uliiweka.

Kuna jingine. Wiki iliyopita ilikuja barua ya mtazamaji, nikaifungua kama zote. Ilikuwa ya Mama Kodi. Anaandika kwamba aliuliza kituoni nani alitoa jina, akajibiwa kwa fotokopi yenye sahihi yako, ya Novemba. Anasema, "Nilimlisha kwa mkono wangu Januari nzima, na kumbe alikuwa ameshaniuza." Mkurugenzi aliniambia niitie kapuni. Sijaitia. Kwa hiyo miguu yake haina ubaya wowote, na wewe unakaa peke yako saa kumi kwa sababu ya uongo usio wako.

Nani unamficha? Mimi namshuku Mkurugenzi. Alighushi, akakutisha, nawe umenyamaza. Usiponijibu kabla mwezi huu haujaisha, nitaipeleka karatasi ofisi ya leseni, wao wana watu wanaojua mikono ya watu.

Kasuku

29 Mei

Kasuku,

Nimempa barua hii fundi wa miwani anayekuja huko kesho, maana posta itachelewa na simu ya dukani haina siri.

Usiende. Nakuomba kama mjomba, na kama hilo halitoshi nakuomba kama mtu aliyekubeba mgongoni. Hakuna aliyenitisha. Ofisi ile ukiingia na karatasi hiyo hutatoka na unachokitaka.

Mstari ufuatao nimeukosea, nimeufuta. Uache umefutwa, karatasi ndiyo hii moja tu.

Habari ya Mama Kodi niachie mimi. Tumeigiza ugomvi miaka sita, tutaweza wa kweli.

Una kazi, Kasuku. Miaka mitatu nilikuwa nikifungua barua zako nikiogopa. Baki nayo.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mstari ulioufuta niliuweka kwenye kioo cha dirisha, jua likapita. Umeandika: "Kabla hujaenda popote, kaa na mama yako."

Nikakaa naye.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikamwekea fotokopi yangu juu ya meza ya cherehani. Aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Basi irudishe kazini."

"Mama, nani ameandika hapa?"

"Si unaona mwenyewe? Mjomba wako."

"Mjomba alikuwa amefungwa macho."

Akakanyaga cherehani. Sindano ikaenda bila kitambaa, ikaenda, kisha akaacha.

"Mkurugenzi wenu alikuja kupimisha mapazia ya studio," akasema. "Akaniuliza kama kweli Komeo ni mdogo wangu. Akasema ana karatasi yake, imebaki sahihi tu, na maombi yanafungwa Ijumaa. Nikamwambia mdogo wangu yuko kitandani, haoni. Akasema basi, bahati mbaya, akainuka. Alipofika mlangoni akaitazama picha yako ukutani. Akauliza, huyu binti ana kazi?"

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Nikamwambia hana, mwaka wa tatu huu." Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa kisichokuwepo. "Kalamu aliitoa yeye, na tarehe akaiweka yeye, ya Novemba, wakati mdogo wangu bado anaona."

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia wewe hata baadaye. Akasema alidhani hutajua kamwe, kituo chenyewe hakivuki daraja. Alikuwa hajui kwamba mimi ndiye nitakayekivusha, kwa barua.

Mjomba, nilitembea mpaka mtoni, pale darajani, nikarudi. Nilikuwa nikiwaza wale watu wa kwenye benchi. Kulikuwa na mmoja amevaa koti la kuazima, mikono imempita vidole. Nilimwonea huruma siku ile, nikijiona nimemshinda.

Kesho yake niliingia kwa Mkurugenzi. Alijua tangu siku ya kwanza mimi ni nani. Mimi ndiye niliyekuwa najificha peke yangu kama mbuni. Nikamwambia najua karatasi ilivyopatikana. Hakukasirika. Akaniambia, "Nenda ofisi ya leseni. Watauliza ni mkono wa nani. Utawajibu?"

Niliweka funguo za kabati la kanda juu ya meza yake, nikatoka. Alinifuata hadi kwenye ngazi akauliza barua za watazamaji za leo nani atazifungua. Nikamwambia aanze na ya Mama Kodi, iko kwenye mtoto wa meza, sikuitupa.

Mama Kodi pia nimemwandikia. Yote, mpaka kalamu. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungenikatalia. Na mama anakuja kwako mwenyewe, ameshakata tiketi ya basi la Alhamisi ya kwanza ya Julai. Amesema hili haliandikwi.

Nimekukosea pia. Nilikudhania mwongo, na kweli ulikuwa mwongo, ila si wa aina niliyoidhani.

Kasuku

15 Julai

Kasuku wangu,

Marahaba mwanangu. Dada amefika salama, na goti limefika naye. Amekaa siku tisa, kesho anaondoka. Barua hii ataibeba yeye, nimeifunga kwa gundi, si kwamba simwamini. Au niseme kweli: si kwamba simwamini sana.

Nilipoiona fotokopi yako Machi, nilijua kabla sijamaliza kuitazama. Nilipokuwa darasa la tano nilishika mkia, na ripoti ilitakiwa irudi shuleni na sahihi ya baba. Dada akaiweka yeye. Mwaka mzima aliniwekea, na baba mwenyewe siku moja aliletewa moja, akaikubali kuwa ni yake. Ila ana kasoro moja: mkono wake haujui kumaliza jambo bila kuweka nukta. Mimi sahihi yangu haina nukta. Ya kwenu ilikuwa nayo. Ningesemaje? Nikuambie kazi yako uliyoililia imetoka wapi? Nimshtaki mtu aliyenikinga na fimbo? Nikaona bora niitwe msahaulifu.

Lakini usidhani nilimpokea kwa vigelegele. Aliposhuka kwenye basi nilibeba mfuko wake, sikubeba mazungumzo. Siku mbili tulikula tukitazama sahani. Siku ya tatu akasema, "Nipige basi, tumalize." Nikamwambia, "Nilipoteza mtu wa saa kumi, dada. Wewe ulijua nina wangapi?" Akasema hakujua. Akasema wakati ule alikuwa anaona mtoto mmoja tu, yaani wewe, unarudi nyumbani viatu vimejaa vumbi. Sijamjibu mpaka leo. Huenda nikamjibu nikizeeka zaidi.

Siku ya tano Mama Kodi akaja. Barua yako alikuwa nayo mkobani. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni kama anavyosimama kwenye kichekesho akija kudai kodi, ila hakuna aliyecheka.

"Nimesoma," akasema. "Binti ameandika vizuri. Lakini karatasi ya kwanza nayo ilikuwa imeandikwa vizuri. Nitajuaje kama ninyi ndugu hamkukaa mkaitunga hii?"

Dada ndiye aliyeinuka. Akachukua kipande cha karatasi ya kufungia sukari, akakilaza mezani, akaweka sahihi yangu, mbele yetu, bila kusita. Kasuku, ilinitia baridi. Kisha akanipa kalamu. Nikaweka yangu kando. Mama Kodi akatoa fotokopi yake, akazipanga zote tatu, akainama. Alitazama muda mrefu sana, akifuata mikia kwa kidole. Akafika kwenye nukta, akagonga mara mbili.

"Huyu ndiye," akamwambia dada.

"Ndiye mimi," dada akasema. "Ningekuja mapema, niliona aibu."

Mama Kodi akaikunja karatasi ya sukari, akaitia mkobani. Akatutazama sote wawili, akasema atafikiria, akaondoka. Kesho yake saa kumi nikasikia hodi. Alikuwa ameshika gazeti. Alianza na siasa, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akasoma kurasa mbili tu. Lakini alisoma.

Jina nalo tumelimaliza. Tumeandika barua moja kwa Mkurugenzi wenu, sahihi mbili, za kweli. Hatukumpa jina na hatumpi. Alifute kabla ya mwisho wa Agosti. Mama yako hatukumtaja. Mkurugenzi hawezi kumtaja pia, kwa sababu akisema mkono ulikuwa wa nani ataulizwa kalamu ilikuwa ya nani.

Sasa wewe. Huna kazi tena na mimi ndiye niliyekutuma kabatini. Hilo linanikaa hapa kifuani, nalo silifuti.

Mjomba wako

4 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama Kodi umpe mkononi. Nimesikia amefika hadi ukurasa wa mpira.

Wapaka rangi walikuja tarehe ishirini na nane Agosti. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama kwa muuza kalenda nikijifanya nachagua. Waliupaka mlango wa kijani rangi nyeupe, mara ya kwanza ukaonekana bado, wakarudia. Sasa kituo kinaitwa kwa jina la mtaa. Watu hawakuambiwa sababu, kwa hiyo wamejitungia zao, na hakuna hata moja iliyokaribia. Anayefungua barua sasa ni dada mmoja ambaye sikumwona kwenye benchi. Labda alikuwepo. Labda hakuwepo. Hiyo si kazi yangu tena kuijua.

Mimi nimefanya usaili mara mbili. Wa kwanza nimekosa. Wa pili, wa maktaba ya manispaa, niliulizwa maswali kumi na saba, nikakosea matatu, na nikatoka nimelowa jasho. Bado hawajajibu. Usinihesabie kosa, lakini nilipotoka nilifurahi walivyonibana.

Kuhusu mama nitakuambia kweli, maana tumechoka na ile nyingine. Hatugombani. Tunakula pamoja, namkanda goti. Lakini kila akiniletea jambo jema, kuna kitu ndani yangu kinauliza limepitia wapi. Jirani akinisalimu kwa uchangamfu, nawaza ameambiwa nini. Sipendi, lakini ndivyo nilivyo sasa.

Juzi alinishonea blauzi ya kwendea usaili. Ya bluu, kola ndogo, mishono imenyooka. Nikaipokea, nikasema asante, halafu bila kujua nikaigeuza ndani nje, nikawa naikagua. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama.

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu. Akaniambia kitambaa amenunua duka gani, siku gani, aliyemuuzia ni nani, kilikuwa mita ngapi na kimebaki kipande gani, akanionyesha na kipande chenyewe. Vifungo vimetoka kwenye gauni lake la zamani. Alisema yote, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi, na mimi sikumkatiza.

Alipomaliza nikaivaa. Akasimama, akanirekebisha kola.

Mpwa wako,
Kasuku